Somo: kupunguza weusi wa nywele kwa asali, hatua kwa hatua

Habari zenu wapendwa. Kila nikigusia nywele, lazima atokee mtu aulize namna ya kupata rangi bila blichi. Leo tulimalize. Nianze na ukweli ili nisije nikalaumiwa: nywele nyeusi tii hazigeuki za dhahabu kwa vitu vya jikoni. Utakachopata ni wekundu wa mbali, kahawia kama ya kutu, na mwanzoni utauona ukisimama juani tu. Kama hilo linakutosha, tuendelee.

Kazi yote inafanywa na asali. Asali mbichi ina kimeng'enya ambacho kikikutana na maji hutengeneza haidrojeni peroksaidi, ileile inayotumika kwenye blichi. Tofauti ni nguvu. Ya saluni huwa asilimia 3 hadi 12, na ya asali haikaribii hata hapo. Ndiyo maana inachukua wiki kadhaa, na ndiyo maana haikatikishi nywele.

Andaa asali mbichi vijiko 2 vya chakula, maji vijiko 8, mafuta ya zeituni kijiko 1, bakuli la kioo au plastiki (chuma hapana, huiharibu peroksaidi) na kofia ya plastiki. Maji ya chumvichumvi hayafai. Wengine huongeza mdalasini wa unga kijiko 1. Mimi niliuacha, kichwa kiliniwasha.

1. Jaribu kwanza. Paka kidogo kwenye mkunjo wa kiwiko, ngoja siku mbili. Ukiona vipele au mwasho, acha. Kama ngozi iko salama, jaribu kwenye fungu moja dogo la kisogoni kabla ya kichwa kizima.

2. Changanya asali na maji, uache saa nzima. Usiipashe moto hata kama imeganda, kwa sababu joto linaua kile kimeng'enya na utabaki na maji matamu tu. Mafuta yatie mwishoni.

3. Osha nywele zitoke mafuta yote, zikamue kwa taulo zibaki na unyevu. Zigawe mafungu, paka moja baada ya jingine, pitisha chanuo la meno mapana. Ziloane kabisa! Vaa kofia ukae saa moja. Mchanganyiko ukikaukia kichwani haufanyi chochote, na usiingie kwenye stimu ukidhani unaharakisha.

4. Suuza, suuza tena, kisha kondishina. Siku ya kwanza mimi nilisuuza kivivu. Alfajiri nikaamka na sisimizi wamepanga foleni kwenye foronya.

Rudia mara moja au mbili kwa wiki. Piga picha kabla hujaanza, dirisha lilelile, saa ileile, maana macho hudanganya. Usihukumu kabla ya mara ya tano.

Mtaniuliza kuhusu ndimu na jua. Nilifanya. Nilijipaka nikakaa uani tangu saa nne hadi saa sita. Wekundu ulikuja, na haraka kuliko wa asali, lakini ncha zikawa kama ufagio wa chelewa. Kibaya zaidi, pale majimaji yalipotiririkia kwenye paji la uso, ngozi ilibabuka kama imeungua, ikaacha alama nyeusi iliyokaa miezi. Ndimu na limau zina kitu kinachofanya ngozi iungue ikipigwa na jua. Sirudii.

MASWALI YENU

Dada, mimi nilipaka piko. Itakubali?
Hapana, mdogo wangu. Asali haina ubavu wa kuondoa rangi ya dukani. Utapoteza asali yako bure. Subiri nywele mpya ziote.

Nimefanya mara mbili sioni kitu.
Mara mbili bado mapema, mwaya. Ila angalia na asali yenyewe. Nyingi za dukani zimepashwa moto kabla ya kutiwa kwenye chupa, na hizo hazina kazi hapa.

Mimi nina mvi nusu kichwa, nifanyeje?
Mvi hazina rangi ya kupunguzwa. Asali itazilainisha tu. Mdalasini usiuweke, unaweza kuziachia unjano.

Vipi nikiongeza magadi kidogo, nimeona watu wanafanya?
Usithubutu. Magadi yanafumua magamba ya unywele, zinabaki kavu na zinashikamana kama sufu. Wanaosifia hawakuonyeshi kichwa chao baada ya mwezi.

Na sisi wenye nywele za dawa?
Kama umetiwa dawa juzi, ngoja kichwa kipoe, wiki mbili tatu hivi. Baadaye asali na mafuta pekee, bila mdalasini. Ndimu isikaribie kabisa, nywele zako zimeshadhoofika.

Nisipoipenda, narudishaje weusi wangu?
Haurudi wenyewe. Weusi ukishatoka ndani ya unywele umekwenda. Ama upake rangi, ama ungoje zinazoota, kama sentimita 1 kwa mwezi, huku ukipunguza za chini. Sasa umeelewa kwa nini nilisema uanze na lile fungu la kisogoni.