Jinsi ya kumkagua pitcha mdogo kwa simu tu (na kosa lililonilia wiki 3)

Mwezi wa 3 dada mmoja wa Kikenya tunayesali naye hapa Texas alinivuta pembeni baada ya ibada. Kijana wake wa miaka 11 kaanza kuwa pitcha (yule anayemrushia mpigaji mpira) kwenye timu ya besiboli, kocha anamsifu kila wiki, ila akirudi nyumbani anashikashika kiwiko. "Kaka, si wewe ndo unajua haya mambo? Njoo umwangalie." Nimemsaidia, na juzi mzazi mwingine kaniuliza yaleyale, nikaona bora niandike mara moja.

Mimi sina cheti chochote. Nimekulia Tanga, nimecheza soka na kupopoa maembe ya watu, besiboli nimekutana nayo huku mwanangu alipojiunga, huu mwaka wa 6 najitolea kusaidia watoto wanaorusha. Kama uko Dar au Kampala hii inakuhusu pia, Waganda wa Lugazi walishafika fainali za dunia za Little League (ligi ya besiboli ya watoto) kule Williamsport, Marekani, mwaka 2012, timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza pale.

Hatua ya 1: Uliza kwanza, simu iache mfukoni

Anaumwa? Wapi? Akikuonyesha kiwiko upande wa ndani, ishia hapo. Mtoto wa umri huo mfupa wake pale bado unakua, na ile sehemu laini inayokua inavutwa kila anaporusha, kwa hiyo usianze kusema tutarekebisha staili, nenda kwa daktari wa mifupa wa watoto. Kijana wa dada yule nilikataa kumrekodi, mama akaona kama naringa. Daktari akampumzisha, tukaanza baada ya ruhusa.

Swali la pili: anachezea timu ngapi? Hapo ndo nilipata jibu lote hata kabla ya kuona mkono wake. Timu 2. Jumamosi huku, Jumapili kule, na kila kocha anahesabu mipira yake tu. Little League wanaruhusu mipira 85 kwa siku kwa miaka 11 na 12, na akifika 66 apumzike siku 4. Sasa Jumamosi 60, Jumapili 55, kila kocha anaona yuko ndani ya sheria (ila hata hiyo 60 peke yake ilitaka siku 3 za kupumzika), mkono ni wa mtoto mmoja, nani anajumlisha? Mzazi. Nunua kile kidude cha kubonyeza cha kuhesabia, au chora vijiti kwenye karatasi kama mangi anavyoandika madeni. Na uulize akitoka kurusha anawekwa wapi, maana ukishamrushisha mipira 41 sheria haitaki awe kecha (yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji kudaka mipira ya pitcha) siku hiyo, na kecha anarusha kila mpira kurudisha.

Hatua ya 2: Apashe mwili

Akimbie, anyooshe, arushe polepole na mwenzake. Mnajua.

Hatua ya 3: Rekodi (hapa soma yote tafadhali)

Mwaka wangu wa pili nilimrekodi mwanangu jioni, simu nimeiegemeza chini kwenye dumu la maji, nyuma kidogo ya pale anaposimama. Nikaangalia video nikaona kiwiko kiko chini ya bega. Nimesoma kwamba kiwiko kikiwa chini ni hatari, basi nikamsumbua wiki 3 nzima "inua kiwiko, inua kiwiko," mtoto akapoteza shabaha kabisa, mipira inapita juu ya kichwa cha kecha, akawa hataki hata kwenda mazoezini. Kuja kurekodi upya vizuri, kiwiko kilikuwa sawasawa na bega siku zote! Kilichokuwa kibovu ni mahali nilipoweka simu.

Basi fanya hivi. Tumia stendi, usishike mkononi, na usimpe mdogo wake ashike. Simu iwe usawa wa kifua cha mtoto, sio chini, maana ukipiga kutoka chini kila kitu kilicho mbali nawe kinaonekana kimeshuka au kimepanda kuliko kilivyo. Video ya kwanza ni ya ubavuni, upande ambao kifua chake kinakutazama anapoanza: anayerusha kwa mkono wa kulia simama upande wa besi ya 3 (kushoto ukimtazama pitcha kutokea kwa kecha), mwenye mashoto upande wa besi ya 1 (kulia). Hatua zako kama 6 au 7 kutoka kwake, na simu ielekee pale mguu wake wa mbele UNAPOTUA, sio pale anapoanzia kwenye raba (kile kibao anachokanyaga akirusha). Wengi tunakosea hapo, tunailenga raba, afu wakati muhimu unatokea pembeni ya picha ambako kila kitu kimepinda.

Video ya pili iwe ya mbele, nyuma ya wavu wa kecha, au ya nyuma kabisa kutokea upande wa besi ya 2. Urefu wa kiwiko unausoma kwenye hii video tu, ya ubavuni usiiamini kwa hilo hata kidogo. Na hata kwenye hii usilinganishe kiwiko na ardhi. Linganisha na mabega yake. Mtoto akiinama upande, mstari wa mabega nao unainama, kwa hiyo chora mstari unaopita bega hadi bega, uuendeleze, halafu ndo uone kiwiko kimeupita mstari kwa juu, kiko kwenye mstari wenyewe au kiko chini yake. Hii sentensi ingenifikia mapema ningeokoa wiki 3 na machozi ya mtoto.

Kasi ya video: fremu 240 kwa sekunde, simu nyingi za miaka hii zinayo kwenye slomo. Kuanzia mguu kutua hadi mpira kutoka mkononi ni kama sekunde 0.15 tu, yaani kwa video ya kawaida ya fremu 30 unapata picha 4 au 5, na mojawapo ukungu mtupu. Kwa 240 unapata kama 36. Ile supa slomo ya baadhi ya simu usihangaike nayo, inadumu kupepesa jicho utaikosa. Rekodi mchana, juani, maana usiku chini ya taa za uwanja mkono unageuka mstari mweupe. Na usijitumie video kwa app za meseji, inabanwa na fremu zinapotea, mimi nimewahi kukaa saa 2 natafuta mguu unatua wapi kwenye video ambayo hiyo fremu haikuwemo tena. Hamisha kwa waya. Kuifungua natumia Kinovea kwenye kompyuta ya Windows, ni bure, inachora mistari na inasogeza fremu mojamoja, hizo app za kulipia kila mwezi mimi sioni zinaniongezea nini.

Hatua ya 4: Tafuta fremu ambayo kiatu cha mbele kimetulia

Sio kidole kimegusa tu, kiatu chote kimekaa na hakisogei tena. Chagua hiyo kila mara, usibadilibadili, la sivyo unalinganisha vitu tofauti. Simamisha hapo uangalie:

Mpira uko wapi? Mkono uwe umeshapanda, kiwiko karibu na mstari wa mabega. Kama mguu umetua na mpira bado uko kiunoni, mkono umechelewa, na ukichelewa bega na kiwiko ndo vinalipa.

Kiuno na kifua. Kiuno kiwe kimeshaanza kugeukia pleti (pale alipo mpigaji) wakati kifua bado kinatazama pembeni. Aliyepopoa maembe anajua, jiwe la kufika tawi la juu halitoki mkononi, linatoka mguuni na kiunoni, mkono unaburuzwa nyuma. Mtoto anayegeuza vyote kwa pamoja anarusha kwa mkono mtupu.

Mguu umetua wapi. Kabla hajarusha chora mstari kwa kijiti kutoka katikati ya raba kwenda pleti. Atue juu yake au karibu, kidole kimegeukia ndani kidogo. Urefu wa hatua napima kwa nyayo zake mwenyewe: nyayo 5 na kidogo naridhika, hiyo ni kama asilimia 80 ya kimo chake. Wadogo wengi wanaishia 4, sio kosa, miguu haina nguvu bado.

Mengine (glovu, kichwa, mguu unapanda juu kiasi gani) ni staili. Waache.

Hatua ya 5: Rekodi tena amechoka

Mpira wa 5 na mpira wa 35, weka video 2 pembeni kwa pembeni. Wa 5 kila mtoto ni mzuri. Yule kijana wa dada, mpira wa 5 safi kabisa, wa 35 hatua imepungua unyayo mzima na kiwiko kimeshuka, halafu ukimuuliza anasema "niko fiti anko." Watafiti wa Alabama akina Glenn Fleisig walishaonyesha kwamba kijana anayerusha iningi (vipindi vya mchezo) zaidi ya 100 kwa mwaka ana hatari ya kuumia mara 3.5 zaidi. Na mwongozo wa Pitch Smart, wa kulinda mikono ya mapitcha wadogo, unataka miezi 4 kwa mwaka bila kurusha kama pitcha. Huku Texas kunachezeka karibu mwaka mzima, hiyo miezi lazima uikate wewe, timu haitakukatia.

Hatua ya 6: Daftari

Kila wiki 6: kimo (weka alama mlangoni), jumla ya mipira kwa wiki, na kati ya mipira 20 ni mingapi kecha hakuhamisha glovu. Shabaha ikishuka ghafla angalia kimo kwanza, kama karefuka sentimita 3 usiguse staili yake, mwili unajifunza urefu mpya. Kipima kasi sikipendi kwa umri huu, mtoto akishaona namba anarusha kwa ajili ya namba. Na kavuboli (mpira unaopinda njiani) mimi nasema bado, afundishwe chenjiapu (unaokwenda polepole kuliko mpigaji anavyotegemea), baba wengine tunabishana kila msimu.

Hatua ya 7: Mwambie kitu kimoja

Kimoja tu. Kijana yule nilimwambia "pandisha mkono mapema," basi, sikugusa miguu. Mama yake akaongeza "na usiiname, na uangalie mbele, na..." nikamwambia dada, tuache. Timu ya Jumapili wameiacha. Sasa anarusha 20 kwa siku, mara 2 kwa wiki, na tarehe 15 narudi na stendi yangu.