Kuandika upokezi wa kazi za Kezilahabi: anza na tarehe

Mwanafunzi wa fasihi hapa Dodoma akiambiwa aandike jinsi wahakiki walivyozipokea kazi za Euphrase Kezilahabi, mwandishi wa Tanzania wa riwaya na wa mashairi huru (yasiyofuata vina na mizani), mara nyingi hurudi na kurasa kumi za sifa. Fulani amemwita gwiji, fulani amemwita mwanamapinduzi. Hiyo ni risala ya kumkaribisha mgeni rasmi. Upokezi ni mabishano yenye tarehe: nani alikataa nini, mwaka gani, kwa kipimo kipi.

Kwa hiyo, kabla hujafungua hakiki hata moja, chora mstari wa miaka kwenye daftari kubwa. Kushoto panga kazi: Rosa Mistika 1971, Kichwamaji na Kichomi 1974, Dunia Uwanja wa Fujo 1975, Gamba la Nyoka 1979, Karibu Ndani 1988, Nagona 1990, Mzingile 1991, Dhifa 2008. Kulia acha wazi, hakiki zitaingia moja moja. Andika mwaka wa toleo la kwanza, hata kama nakala uliyoshika ni ya juzi. Rosa Mistika imechapwa zaidi ya mara moja, na ukifuata mwaka wa nakala ya dukani utampata mhakiki aliyekihakiki kitabu kabla hakijatoka.

Mstari huo utakuokoa na kosa linalopendwa sana huku kwetu. Kwa kuwa Mathias Mnyampala ni mtu wa Dodoma na alikuwa nguzo ya UKUTA, chama cha washairi, watu humpa kazi ya kumpinga Kezilahabi. Mnyampala alifariki 1969. Kichomi, diwani ya kwanza ya Kezilahabi, ilitoka miaka mitano baadaye. Kaluta Amri Abedi naye alifariki 1964. Kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi, cha 1954, kilikuwa rula ambayo wengine waliichukua baadaye kupimia mashairi huru. Andika “kwa kipimo cha Amri Abedi”, usiandike “Amri Abedi alimkosoa”.

Sasa kusanya. Kwa insha ya kurasa 15, hakiki 12 zinatosha: tano za ushairi, tano za riwaya, mbili zinazogusa vyote. Zikipungua sana hutaona mwelekeo. Zikizidi utaishia kuorodhesha. Pekua majarida yaitwayo Kiswahili, Mulika na Kioo cha Lugha. Unapotafuta, jaribu TUKI na pia TATAKI, maana taasisi hiyo ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilibadili jina. Jarida la Swahili Forum linasomwa bure mtandaoni. Angalia pia majina: Said A. M. Khamis mhakiki na Said Ahmed Mohamed mwandishi wa riwaya ni mtu mmoja. Ukiwahesabu wawili, umetengeneza mjadala usiokuwapo.

Kila hakiki ipe safu nne: mwaka, kazi inayosemwa, dai, kipimo. Safu ya nne ndiyo wengi huiacha tupu, na ndiyo yenye uzito. Chukua neno “guni”. Kwa mwanamapokeo, yaani mtetezi wa vina na mizani, guni ni shairi lililokosea vina au mizani, kama mshororo wa mizani 16, nane kwa nane, uliopungukiwa. Anayeliita shairi la Kichomi guni ameshahukumu kwa sheria ambayo mtunzi aliiacha kwa makusudi. Usilitumie neno hilo kana kwamba ni jina tu la aina ya shairi. Soma kwanza utangulizi wa Kichomi, kisha weka ubavuni Kunga za Ushairi ya Mulokozi na Kahigi (1979) na Tungo Zetu ya Ibrahim Noor Shariff (1988). Hapo ndipo pande mbili, watetezi wa mashairi huru na wanamapokeo, zinapoonana uso kwa uso. Kumbuka tu kwamba Mulokozi na Kahigi ni watunzi pia, kwa hiyo wana hisa katika mabishano.

Usirahisishe mambo kuwa pwani dhidi ya bara, kana kwamba vina na mizani ni vya watu wa pwani tu. Mnyampala, Mgogo, alitunga kwa vina na mizani bila kuyumba. Mfano huo mmoja unatosha kulivunja dai hilo, na haukuhitaji hata kutoka nje ya mkoa.

Riwaya zipe sehemu yake. Rosa Mistika ilipokelewa kwa hoja za maadili, hadi ikazuiwa shuleni kwa muda; Kichwamaji ikavuta mjadala wa udhanaishi, falsafa inayohoji maana ya maisha ya mtu; Nagona na Mzingile zikazua swali kama kweli ni riwaya. Hapa kuna mtego: Kezilahabi mwenyewe aliandika tasnifu ya uzamivu kuhusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi (Wisconsin, 1985), na wahakiki kadhaa wa baadaye humsoma kwa nadharia yake mwenyewe. Ukikuta hivyo, sema. Mtunzi akiwa ndiye anayetoa rula, kipimo hakiwezi kumkataa.

Unapoandika, fungua kila aya kwa suala linalobishaniwa, kisha ingiza angalau wahakiki wawili wanaotofautiana. Aya inayoanza “Fulani (1988) anasema…” itafuatwa na nyingine kama hiyo, na sura nzima itakuwa foleni ya majina.

Mwisho rudia nukuu zote, ukurasa kwa ukurasa. Nukuu uliyoitoa ndani ya tasnifu ya mtu mwingine, na kitabu chenyewe hujakiona, iandikie “kama alivyonukuliwa na”.