SOMO: Kuhakikisha kwamba Dicer ndiyo iliyokata RNA ya virusi kwenye seli za mamalia

Kwa mimea na wadudu hakuna ubishi: virusi vikiingia, kimeng'enya Dicer hukatakata RNA yao ya nyuzi mbili kuwa siRNA (vipande vifupi vya RNA), kisha protini Argonaute huzitumia kusaka RNA ya virusi na kuiharibu. Kwa mamalia ubishi upo, maana seli zetu zikiona RNA ya nyuzi mbili huwahi kutoa interferoni (protini za kutahadharisha kinga), nayo huongeza protini LGP2 inayoishika Dicer na kuizuia. Mwaka 2013 timu mbili, ya Uswisi na ya California, zilionyesha kinga hii ya Dicer katika seli shina za kiinitete cha panya na katika panya wachanga. Tatizo ni kwamba makombo ya RNA iliyooza nayo ni mafupi, na ni rahisi mno kuyaita siRNA.

1. Virusi. Nodamura vinafaa sana. Protini yao B2 huifunika RNA ya nyuzi mbili ili Dicer isiifikie. Tumia vilivyofutiwa B2, sambamba na vya asili. Ukitumia vya asili peke yake ukakosa siRNA, hujathibitisha lolote.

2. Seli. Chagua zenye interferoni dhaifu, kama BHK-21 (seli za figo za hamsta) au seli shina za kiinitete. Andaa pia seli za aina ileile zilizoondolewa Dicer, na nyingine zisizoambukizwa.

3. RNA. Trizol ml 1 kwa seli milioni 5. Kabla ya klorofomu, ongeza kiasi kilekile cha RNA bandia fupi ya kupimia katika kila sampuli. Safuwima za silika za kawaida ziache: hupitisha RNA iliyo chini ya nukleotidi 200, yaani unamwaga hasa unachokitafuta. Tia glikojeni mikrogramu 20 pamoja na isopropanoli, osha kwa ethanoli ya asilimia 80.

4. Jeli. Poliakrilamidi asilimia 15 yenye urea. Kata kuanzia nukleotidi 18 hadi 30. Ukikata 21 hadi 23 tu, kilele cha 22, urefu wa siRNA za Dicer, utakuwa umekitengeneza kwa wembe wako.

5. Maktaba (RNA iliyoandaliwa kusomwa mfuatano). Dicer huacha fosfati kwenye ncha ya 5' na hidroksili kwenye ncha ya 3', na viunganishi vya kawaida hudaka ncha hizo. Usitibu RNA kwa kinasi (kimeng'enya kinachoongeza fosfati) kwanza. Utayaingiza makombo mengi yenye ncha tofauti.

6. Kusoma matokeo. Tafuta kilele cha nukleotidi 22, uzi chanya (RNA ya virusi) na hasi (nakala yake ya kinyume) kwa viwango vinavyokaribiana, na jozi zinazopishana nukleotidi 20 huku 2 zikining'inia kila ncha ya 3'. Kisha vuta Ago2 (aina ya Argonaute) kwa kingamwili uone kama vipande hivyo vimo ndani yake. Katika seli zisizo na Dicer vyote hivi lazima vipotee. Kwangu hiki cha mwisho ndicho kipimo chenyewe. Bila hicho vingine ni dalili tu.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, kilele cha 22 kipo, ila asilimia 97 ni uzi chanya. Nimefaulu?

Jibu: Bado. RNA chanya huwa nyingi kuliko hasi, hivyo makombo yake hufunika kila kitu. Chora uzi hasi peke yake. Ukiwa nao una kilele cha 22, na jozi za kupishana 20 zipo, endelea na Ago2. Ukikuta mteremko laini usio na kilele, huo ni uozo.

Swali: Mbona kwenye seli zisizo na Dicer siRNA za virusi zimeongezeka?

Jibu: Bila shaka umegawanya hesabu zako kwa jumla ya miRNA (RNA fupi za seli yenyewe, ambazo nazo hukatwa na Dicer). Bila Dicer, miRNA karibu zote hutoweka, kigawanyo kinakuwa kidogo na chochote kilichobaki kinaonekana kikubwa. Gawanya kwa ile RNA bandia ya hatua ya 3.

Swali: Shikamoo mwalimu. Na kwa mwili uliokomaa, kinga hii ipo?

Jibu: Marahaba. Kwenye seli shina, ndiyo. Mwaka 2021 watafiti wa London walieleza aviD, aina ya Dicer ya seli shina iliyokosa kipande cha helikesi kiitwacho Hel2i, ambayo hukata RNA ya nyuzi mbili vizuri zaidi na kupunguza virusi vya Zika na SARS-CoV-2. Ukitaka kuipima, praima moja ya PCR (kipande kifupi cha DNA cha kuanzishia) ikae juu ya kiungo kipya pale ekzoni (vipande vya jeni) ziliporukwa, la sivyo utaisoma Dicer ya kawaida.