Kuzunguka visiwa vya Uskoti kwa boti ya tanga, anza na upepo sio ramani

Wengi wakitaka kwenda Hebrides, vile visiwa vya magharibi mwa Uskoti, wanaanza vibaya, wanachagua kisiwa kwanza. Mtu ameshajiwekea kichwani St Kilda, vile visiwa vya mbali kabisa, kalipia, kawaambia hadi majirani, halafu upepo unavuma siku tatu mfululizo na nahodha amejibanza nyuma ya kisiwa cha Mull anachemsha chai. St Kilda iko zaidi ya kilomita 60 magharibi mwa kisiwa cha North Uist, hapo katikati ni Atlantiki tupu, na hata mkifika ile ghuba ya Village Bay iko wazi upande wa kusini mashariki, upepo ukitokea huko mnageuza tu. So buku safari inayosema tunaondoka bandari ya Oban siku hii tunarudi Oban siku hii, basi. Anayekuahidi kisiwa fulani siku fulani saa fulani mimi simwamini.

Kuhusu miezi, mwishoni mwa Mei na Juni ndio penyewe. Saa nne usiku bado unaona vizuri tu, na wale ndege pafini wenye midomo ya rangi wapo wamejaa kisiwa cha Lunga, ukichelewa mpaka katikati ya Agosti utakuta wameshaondoka zao baharini. Visubi, vile vidudu vidogo vinavyouma, navyo vina msimu wake, vinazidi kiangazi kikishika, ila havipendi upepo kwa hiyo ukiwa kwenye boti iliyotia nanga mbali kidogo na ufukwe unapona, shida ni ukishuka jioni tulivu, hapo utajikuna hadi ujute.

Sasa kushuka, maana hii ndio kazi yenyewe na hakuna anayekuambia mapema. Sehemu nyingi hakuna gati, mnapelekwa na kiboti cha mpira hadi kwenye mawe. Jaketi la kuokolea unavaa na kufunga ukiwa bado kwenye boti kubwa. Begi mpe mtu akushikie, mikono yako yote miwili iwe huru. Ukishikana na mtu mshikane vifundo vya mikono, sio vidole, vidole vinachomoka. Kaa kwenye ukingo wa kiboti, subiri wimbi likiinue, kikifika juu ndio unakanyaga, na unakanyaga ukiambiwa, sio ukijisikia. Usiweke mguu wala mkono kati ya kiboti na jiwe hata kwa sekunde. Halafu mwani! Pale Lunga unatembea juu ya mawe ya duara yenye mwani kabla hujafika kwenye majani, mimi nilienda na raba za kawaida nikapiga mweleka mbele ya ndege elfu moja, vaa buti zenye meno.

Ukishafika juu fuata njia iliyokanyagwa, pafini wanachimba mashimo ya kutagia na ukipita ovyo unaweza kuwaangushia nyumba. Kaa chini utulie, watakusogelea wenyewe.

Kisiwa cha Staffa kuna vingazi na waya wa kushikilia, unatembea juu ya nguzo za mawe ya volkano hadi pango la Fingal's Cave, Mendelssohn yule mtunzi wa muziki Mjerumani alifika pale 1829. Lakini mawimbi yakiwa makubwa hamshuki, mnalizunguka pango kwa boti mnaondoka. Iona ni rahisi, ni kisiwa wanachoishi watu na kina abasia, yaani kanisa la zamani la watawa, mtawa Columba alitua hapo mwaka 563. Na Hirta, kile kisiwa kikubwa cha St Kilda, mkibahatika, kabla ya kushuka fungua begi lako ulikague vizuri kama hakuna panya, wasimamizi wa kisiwa wanaogopa sana panya kwa sababu wanakula mayai na makinda ya ndege, na mbwa hawaruhusiwi kabisa. Kile kijiji chake watu 36 wa mwisho walikiacha tarehe 29 Agosti 1930, wenyewe ndio waliomba watolewe. Tembea pale taratibu, nyumba nyingi hazina paa na kondoo wanaingia na kutoka.

Vitu vya kubeba: begi laini la kukunja, sutikesi haina pa kukaa. Nguo nyembamba nyingi za kuvaliana, jinzi acha, ikilowa haikauki wiki nzima. Dawa ya kichefuchefu meza kabla hamjang'oa nanga, ukishaanza kutapika umeshachelewa, halafu kaa nje uangalie mbali kule bahari inapokutana na mbingu, usijifungie kabini na simu. Choo ni cha kupampu, mwulize nahodha siku ya kwanza kinavyofanya kazi hata kama unaona aibu, kikiziba yeye ndiye anakifungua kwa mikono yake halafu mnakula meza moja.

Na kila jioni mliyoshuka nchi kavu jikague kupe nyuma ya magoti na kiunoni, wako hasa kwenye majani marefu na wengine wanabeba ugonjwa wa Lyme, unaoletwa na bakteria.