Kuunganisha king'amuzi cha dishi na Wi-Fi

Ving'amuzi vingi vya bei nafuu havina Wi-Fi ndani. Vinahitaji kidude cha USB, na hapa ndipo wengi hupoteza hela: king'amuzi hutambua aina chache tu za chipu, yaani kijisehemu kinachoendesha kidude. Ulizia dukani chenye chipu ya RT5370, ndiyo inayokubaliwa na vingi, MT7601 hufuata. Ukiona kifurushi hakitaji chipu, kiache.

Zima king'amuzi, chomeka kidude, kisha washa. Ingia kwenye menyu, fungua "Network", chagua Wi-Fi, tafuta jina la mtandao wako, andika nenosiri kwa rimoti. Herufi kubwa na ndogo ni vitu viwili tofauti. Acha DHCP ikiwa imewashwa ili king'amuzi kipewe chenyewe anwani ya IP, yaani namba yake kwenye mtandao.

Jina la mtandao halionekani? Vidude hivi vya bei ya chini hushika masafa ya GHz 2.4 pekee. Kama ruta au hotspot ya simu iko kwenye GHz 5, irudishe 2.4, kwenye iPhone washa "Maximize Compatibility".

Kimeunganika lakini YouTube inagoma? Angalia saa na tarehe kwanza. King'amuzi kinachodhani ni mwaka 2000 hukataa vyeti vya usalama vya tovuti.

Mawimbi yakiwa hafifu, tumia waya wa USB wa kurefusha wa mita 1, ukitoe kidude nyuma ya TV. Bati la king'amuzi huyazuia.