Namna ya kumwambia rafiki apunguze mwendo, ukiwa umekaa mbele kushoto

Motoka nyingi hapa Lubumbashi zina usukani upande wa kuume, na sisi Kongo tunapita mkono wa kuume vilevile. Kwa hiyo chofere akitaka kulipita kamyo, yaani lori, haoni kinachokuja. Anayeona ni yule wa mbele kushoto. Kiti hicho mara nyingi ni changu.

Sema kabla hajawasha motoka. Njia ya kutoka hapa mpaka mji wa Likasi ni kilomita kama 120. Ukingoja mfike katikati, neno lolote atalisikia kama tusi. Mimi namwambia tungali langoni (yaya kwetu ni kaka au dada mkubwa): "Yaya, leo miye ndiye macho yako. Nisiposema pita, usipite." Simu yake naishika mimi; kujibu na kuweka muziki ni kazi yangu. Ukikimbia 80 kwa saa, kusoma ujumbe kwa sekunde tano ni kwenda zaidi ya mita 110 umefumba macho. Hesabu hiyo mpe akiwa amesimama, maana akishakimbia haimwingii.

Njiani, usimwaibishe mbele ya wenzake. Wale wa nyuma wanapiga kelele "kanyaga!", nawe ukimwambia hajui kuendesha, ataongeza mwendo awaonyeshe. Jisemee mwenyewe: "Miye naogopa."

Siku tuliyotoka harusini Likasi, hilo halikutosha. Jua limezama, mbele yetu kamyo la shaba, vumbi tupu. Anachomoza pua ya motoka, anairudisha, anachomoza tena. Mara ya tatu nikaona taa mbili zinatujia, nikamshika mkono: "Yaya, rudi! Simama, nataka kutapika." Sikuwa na kichefuchefu chochote. Alisimama upesi penye magunia ya makala, yaani makaa, nadhani akihurumia viti vyake kuliko mimi. Nikashuka, nikainama kidogo, nikaomba maji, nikakawia makusudi. Tuliporudi ndani, hata wale wa nyuma walikuwa wamenyamaza.

Akiwa amekunywa, usibembeleze. Shuka. Ndiyo maana pesa ya teksi haikai kwenye mkoba wangu ambao kila mtu anakopa. Inakaa ndani ya kiatu.

Kesho yake nilimfuata kwao, tukiwa wawili tu, nikamwambia ule ugonjwa ulikuwa wa uongo na kwa nini nilidanganya. Alinuna siku mbili. Sasa akifika nyuma ya kamyo ananiuliza, "Niende?" Mara nyingi namjibu, "Bado."