Kuendesha Bustani za Umma za Jiji: Anza na Daftari, Mchoro Utafuata

Bustani ya umma haifi siku moja. Kwanza taa inaungua na haibadilishwi, kisha choo kinafungwa "kwa muda", nyasi zinageuka vumbi, na mwishowe wazazi wanaacha kupeleka watoto. Ukifuatilia chanzo, ni nadra kukikuta kwenye mchoro wa msanifu. Utakikuta kwenye bajeti: ujenzi ulikuwa na kasma, yaani fungu lake la fedha, matunzo hayakuwa nayo. Kwa hiyo hatua zilizo hapa chini zinaanza na kazi za ofisini na za kutembea kwa miguu. Mchoro unakuja katikati. Nimeziandika kwa ajili ya ofisa aliyekabidhiwa idara juzi pamoja na rundo la mafaili yasiyokamilika.

Hatua ya 1: Andika ulicho nacho

Fungua daftari la mali, la karatasi au la kompyuta, yote sawa. Kila eneo liwe na ukurasa wake: ukubwa, mipaka, nani anamiliki ardhi, kuna nini ndani (benchi, taa, bomba, bembea, uwanja), na hali ya kila kitu kwa daraja tatu tu: kizima, kinahitaji matengenezo, hatari. Usianze kubuni madaraja kumi, wakaguzi wako watabishana siku nzima kati ya la sita na la saba. Suala la umiliki lisisubiri. Eneo la wazi lisilo na hati wala mipaka iliyopimwa ndilo linalomegwa kwanza.

Kisha ziweke bustani zote kwenye ramani uone nani yuko mbali nazo. Ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani hupendekeza mkazi awe na eneo la kijani la angalau hekta 0.5 hadi 1 ndani ya mita 300 kutoka nyumbani, na miji mingine hutumia kipimo cha mwendo wa dakika 10, yaani kama mita 800. Chagua kimoja ukifuate. Ila usichore duara ukaridhika. Duara haliujui ukuta, mto wala barabara ya njia sita isiyo na kivuko. Pima kwa njia ya miguu, mpaka kwenye lango lililo wazi.

Hatua ya 2: Hesabu watu kabla ya kuwauliza

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, nami ningeruka nyingine yoyote kabla ya hii. Igawe bustani katika maeneo madogo unayoweza kuyaona yote ukiwa umesimama mahali pamoja: chini ya miti, uwanjani, kwenye bembea, kando ya lango. Zunguka kwa saa zilezile, asubuhi, mchana, jioni baada ya kazi, na siku ya mapumziko. Kila unaposimama, pitisha macho kutoka kushoto kwenda kulia mara moja tu, kisha andika kwenye fomu: wanawake wangapi, wanaume wangapi, watoto, vijana, watu wazima, wazee, wangapi wamekaa, wangapi wanatembea, wangapi wanatoka jasho. Aliyeingia baada ya jicho lako kupita humhesabu. Ndivyo unavyopata takwimu zinazolinganishika mwezi hata mwezi.

Fomu zikijaa, tafuta asiyekuwepo. Mara nyingi wasichana hupungua wanapofikia ujana, na wazee hukosekana mahali penye benchi zisizo na egemeo. Hao ndio wa kuwatafuta kwa maswali, na hutawapata kwenye mkutano unaoitisha bustanini, maana bustanini hawaji. Wafuate shuleni, zahanati, sokoni, kituo cha basi. Lengo la 11.7 la Malengo ya Maendeleo Endelevu, yaliyopitishwa mwaka 2015, linataja wanawake, watoto, wazee na watu wenye ulemavu kwa sababu hiyohiyo.

Faida ya kutazama inajulikana tangu zamani. William H. Whyte, mtafiti wa maisha ya mijini wa Marekani, aliwapiga picha za filamu watu wa New York katika viwanja vya katikati ya jiji, na moja ya mambo aliyoyaona linaonekana dogo kupita kiasi: watu hukaa palipo na pa kukaa. Bryant Park, jijini humohumo, ilikuwa imejificha nyuma ya ua mrefu, na wauza dawa za kulevya walijipatia maskani. Ilifungwa mwaka 1988 kwa ukarabati, ikafunguliwa tena 1992 ikiwa inaonekana kutoka barabarani, ina njia zaidi za kuingilia, na viti vyepesi ambavyo mtu anavihamishia anapopenda. Hata hivyo viti vya aina hiyo vinadai mlinzi na mtu wa kuvikusanya. Jiulize kama unao kabla ya kuiga.

Hatua ya 3: Sasa chora

Mchoro ujibu fomu zako. Uwanja kamili wa soka, mita 105 kwa 68, unameza mita za mraba 7,140 bila kuhesabu kingo, nao huchezewa na watu 22. Uwanja wa voliboli ni mita 18 kwa 9. Sisemi usijenge wa soka, ila usiuweke kwa mazoea tu. Ukiujenga, urefu wake uelekee kaskazini-kusini ili jua la jioni lisimpofushe kipa.

Njia za mkato zilizochimbwa na nyayo zijenge rasmi. Ukizizuia kwa ua, ua utavunjwa. Mwinuko wa njia ya kiti cha magurudumu usizidi 1 kwa 12, yaani kupanda mita 1 kwa kila mita 12 za mlalo. Choo kiwe karibu na pa kuchezea watoto, na benchi za walezi ziwe na mwono wa wazi hadi kwenye bembea.

Hatua ya 4: Bei ya matunzo kabla ya zabuni

Kila kitu kilicho kwenye mchoro kipe mstari: kazi gani, mara ngapi kwa mwaka, saa ngapi za mtu, vifaa gani. Tuseme kukata nyasi za hekta moja ni saa nne, na zinakatwa mara 26 kwa mwaka: hizo ni saa 104. Ukiwa na hekta tano ni saa 520, bado hujafagia wala kuzoa taka. Jumla ikizidi watu ulio nao, punguza mchoro leo. Kingo za mbali ziache ziote nyasi ndefu. Zile fupi usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu wake kwa mara moja, vinginevyo jua litazichoma.

Miti huuawa zaidi na udongo ulioshindiliwa kuliko na wadudu. Magari na mahema yakae mbali na mizizi. Weka matandazo ya sentimita 5 hadi 10, yasiguse shina. Kwa vifaa, tenga akiba ya kuvibadilisha: bembea inayotarajiwa kudumu miaka 15 inadai sehemu moja ya 15 ya bei yake kila mwaka.

Hatua ya 5: Ukaguzi wa pa kuchezea

Ukaguzi ni wa ngazi tatu: wa macho kila siku au kila wiki kulingana na wingi wa watoto, wa kina kila mwezi mmoja hadi mitatu, na wa mtaalamu mara moja kwa mwaka. Kwenye bembea, usitazame kiti kwanza. Inua mnyororo uone pale pete inapokutana na ndoano ya juu, chuma kinalika upande wa ndani ambao hauonekani ukiwa chini. Mwanya wowote kati ya takribani sentimita 9 na 23 unaweza kupitisha mwili wa mtoto na kunasa kichwa chake. Kina cha vibanzi vya mbao au mchanga wa kuangukia, kwa viwango vya Ulaya, ni sentimita 20 kwa kimo cha kuanguka hadi mita 2, ongeza 10 kwa sababu hutawanyika. Andika tarehe na jina la mkaguzi kila mara. Chenye hatari kifungwe saa ileile. Utepe wa rangi pekee hautoshi, toa kiti.

Hatua ya 6: Programu na ratiba

Ugomvi mwingi wa bustani ni wa saa za jioni. Usipopanga wewe, watapanga wenye sauti kubwa, na kwa kawaida ni klabu moja ya wanaume iliyozoea. Andika mpangilio wa vipaumbele na ubandike langoni: watoto na shule kwanza, kisha mazoezi ya wakazi, kisha ligi, mwisho wanaokodi uwanja. Wasichana wapewe vipindi vya saa nzuri, si vile vilivyobaki. Acha siku moja kwa wiki uwanja upumzike, na saa kadhaa zisizo na mwenyewe, mtu aje na mpira wake tu.

Programu mpya ianze kwa msimu mfupi, kama wiki nane, ikiwa na idadi ya chini ya washiriki iliyotangazwa mapema. Kila anayefundisha watoto ahakikiwe kwanza, na asibaki peke yake na mtoto. Ada zikiwepo, nafasi za bure ziombwe kimyakimya, si mbele ya foleni. Mvua ikinyesha, nani anaahirisha, na kabla ya saa ngapi? Yaandike hayo sasa.

Vikundi vya kujitolea na wafadhili ni msaada mkubwa, mradi kila kimoja kina mkataba wa kurasa mbili unaosema wanafanya nini, hadi lini, na nani anashika funguo.

Hatua ya 7: Rudi na fomu

Baada ya msimu, hesabu tena kwa fomu ileile na saa zilezile. Eneo linalorudi na sifuri misimu miwili mfululizo, hamishia hapo benchi, kivuli au kipindi kimoja cha mazoezi. Visipobadilisha kitu, ndipo uombe fedha za kulijenga upya.